Kitambaa cha Kompyuta

Uyole, Mbeya
14 Julai

Kaka Isaka,

Shikamoo. Huku baridi kali, mama anaota jiko mpaka mchana. Shangazi na watu wote wa Ipogolo hawajambo?

Kompyuta imepona, na nimeitengeneza mimi. Usicheke. Baba alidhani ile skrini ya bluu itaondoka na wewe na magemu yako, lakini ilibaki. Nikawa naandika kwenye daftari kila kompyuta inapozima. Nikapiga Windows upya, ikazima. Nikachomoa RAM, vile vibao vya kumbukumbu, nikazifuta vumbi, ikazima tena. Ila Jumamosi moja nilipofua vitambaa vya sebuleni, iliwaka kutwa nzima.

Kaka, ni kile kitambaa nilichofuma mimi. Nililifunika nacho kasha la kompyuta ili wageni wa jumuiya wakute sebule imependeza, kumbe kinaziba matundu ya feni, inachemka. Nimelijua hilo wiki mbili sasa, nikaogopa kusema.

Jana mezani nikasema, "Baba, siyo Isaka. Ni mimi na kitambaa changu."

Baba aliweka kijiko chini. "Yaani nimemfukuza mtoto kwa ajili ya kitambaa?"

Mama akamjibu, "Ndiyo, baba Isaka. Na ulipiga kelele mpaka majirani wakasikia."

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia. Baba ameniita nikiwa naandika: "Mwambie arudi. Mwambie aje anifundishe hilo gemu lake."

Mdogo wako, ambaye safari hii ameongea,
Alinanuswe