Biskuti Walizozikataa Panya

Jumatatu, 3 Machi
Leo tumeonja biskuti mpya. Unga wa samaki na vanila! Wazo la Bosi mwenyewe. Anasema lilimjia akioga. Kwetu kuonja kuna utaratibu: Bosi anatafuna kwanza, anafumba macho, anasema "Mmh!" — nasi sote "Mmh!" kama kwaya. Mimi ndiye mkuu wa waonjaji, kwa hiyo "Mmh" yangu sharti iwe ndefu kuliko zote.

Fundi wa tanuri katoka nje, katema. Kanivuta pembeni, kaninong'oneza: Kaka, wewe ndiye mkubwa wetu. Jumatatu ijayo tunaacha kuoka biskuti za tangawizi ili tupishe balaa hili, na hizo ndizo zinazotulisha. Mwambie!

Nikaapa nitasema.

Jumanne, 4 Machi
Sikusema.

Mkuu wa waonjaji aliyenitangulia alisema ukweli kuhusu jamu ya vitunguu. Mdomo ukamponza kichwa — sasa analinda geti. Leo kanisalimu: "Umeshasema, mdogo wangu? Koti la mvua la ziada lipo. Nimekupima kwa macho, litakukaa."

Jumatano, 5 Machi
Paka wa ghalani kapewa biskuti mbele ya wafanyakazi wote. Kanusa. Kageuka. Kajilamba mkia kwa dharau. Bosi kasema paka huyu hana moyo wa timu — kasimamishwa kazi!

Nyumbani nikamsimulia mama watoto. Kacheka mpaka kashika ukuta. Kwa hiyo, baba, hata paka kakuzidi ujasiri? Nilikuwa natafuna.

Ijumaa, 7 Machi
Paka hayupo, panya wametawala. Ghalani wamekula unga, magunia, ufagio, hata makatoni ya biskuti mpya. Biskuti zenyewe? Zimebaki zimepangana vilevile, hazina hata alama ya jino!

Bosi kafurahi. "Mnaona? Hata panya wanaiheshimu bidhaa yetu!"

Nikafungua mdomo. Ikatoka "Mmh."

Jumamosi, 8 Machi
Naandika nikiwa chooni, kazini.

Bosi kaitisha kikao cha kuaminiana. Kapanda mezani, katugeuzia mgongo, kafumba macho. Atajiangusha chali, sisi tumdake. Ila kwanza mmoja wetu amwambie ukweli kuhusu biskuti, maana hamwamini mtu anayemsifu kila siku. Sasa ndiyo kagundua!

Mhasibu akachunguza viatu vyake. Kisha wote wakanigeukia mimi. Nikasema tumbo linanikata — na kwa mara ya kwanza wiki hii nilisema kweli.

Bosi bado yuko mezani. Hashuki mpaka aambiwe.

Fundi anagonga mlango. "Kaka, toka! Miguu inamtetemeka mzee wa watu, na sisi mikono imekufa ganzi."

Nikamuuliza kutoka ndani: nikisema, mtamdaka?

"Huyo tutamdaka."

Na mimi je?

Nyuma ya fundi namsikia mlinzi wa geti akikung'uta koti la mvua.