Mataya Mia Moja Thelathini na Moja

Chama cha Wawindaji,
S.L.P. 12,
Itivliq.

Ijumaa, 21 Machi 2014

Mpendwa Shangazi Sipura,

Kabla hujasoma mstari wa pili, tafadhali funga mlango. Barua hii ni yako peke yako. Usimsomee jirani yako Loosi hata kipande, wala usiwadokezee wagonjwa wa kwetu wanaofika hapo hospitali. Ukiimaliza, ichane. Habari hii ikivuja mapema, sitaumia peke yangu.

Sasa nikusalimu kama inavyonipasa. Hujambo, Shangazi? Goti linaendeleaje? Na kazi ya kutafsiri, bado daktari mmoja anaongea kama anayekimbizwa? Sisi huku tu wazima. Baba kikohozi kimemwachia. Mama anakushonea viatu vya ngozi, ingawa nimemwambia mjini kwenu watu hawavai hivyo. Baridi haijalegea, lakini jua limerudi, na watoto wote mashavu yamekuwa meusi kwa kuchomwa na mng'aro wa theluji.

Nimeupokea mkebe wa majani ya chai. Ahsante sana. Tulimaliza nusu yake siku ile ile, unawajua jirani zetu.

Shangazi, nimefanya kosa kubwa kazini.

Unakumbuka kwamba kiangazi cha mwaka juzi ndege za serikali zilipiga picha kundi letu la kulungu, wakati wanaposongamana ufukweni kukwepa mbu. Majibu yalikuja Januari mwaka jana. Miaka minane iliyopita walikuwa elfu sabini. Sasa ni elfu ishirini na sita. Wazee hawakubisha. Mwenyekiti Angutaq alisema, "Ndege imechelewa kutuambia. Kwenye mafuta ya mgongoni mwa kulungu tuliliona jambo hili tangu mwaka juzi." Basi mkoa ukaweka kikomo: Itivliq tusizidishe kulungu mia na hamsini kwa mwaka. Tukizidisha, uwindaji unafungwa miaka mitatu.

Hesabu ya mwaka ni kazi yangu mimi karani wa chama. Nilitaka iwe safi kuliko zote zilizowahi kutoka hapa. Nikatengeneza fomu nzuri, nikapita nyumba zote sitini na nne, nikauliza swali moja: "Nyumba hii imepata kulungu wangapi mwaka huu wa uwindaji?" Nikajumlisha mara tatu, nikapiga muhuri, nikatuma. Mia nne na kumi na wanane.

Baada ya siku kumi ikaja barua kwamba maofisa watakuja Jumatano kututangazia kufungwa.

Sikulala vizuri tena. Nilirudia fomu moja moja nikitafuta mwongo, nikafika kwa Bibi Aksatuk, yule mjane asiyetoka nje tangu Krismasi. Kulungu tisa! Bibi haoni hata kikombe chake. Nikakumbuka nilivyokaa kwake nikiandika, ninatafuna nyama ya paja ambalo baba alimpelekea jana yake, na yeye akisema kwa furaha, "Tumepata tisa, mwanangu. Wamekuwa wema kwetu."

Hakusema uongo. Kwetu nyama ikivuka kizingiti chako, kulungu amekuja kwako. Nani atasema ni wa huyu au wa yule? Na mwindaji mwenyewe hajisifu. Baba nilipomuuliza, alikuna sikio akasema, "Wawili watatu hivi." Kumbe kulungu mmoja ameandikwa kwenye nyumba nne, na aliyempiga hakumtaja. Mgeni angesamehewa. Mimi nimezaliwa hapa, nimelishwa nyama hiyo hiyo, lakini chuo cha kusini kilinifundisha kupanga safu, nikasahau kwetu swali huulizwaje.

Nilikaa na siri hiyo siku tatu. Niliogopa kazi, niliogopa aibu ya baba, niliogopa zaidi kwamba nikisema, maofisa watadhani chama kimenituma nipunguze namba. Sahihi iliyo chini ya karatasi ni yangu.

Jumanne ndipo nilipokumbuka mataya. Unajua wawindaji huleta taya la chini la kila kulungu, wataalamu wapime umri kwa meno. Hakuna anayewalipa wala kuwasukuma. Huyaacha kwenye friza la nyuma ya ofisi, kila taya na kikaratasi chake: tarehe, mahali, dume au jike. Hakuna aliyekuwa ameyahesabu. Niliyatoa yote nikayapanga sakafuni, vidole vikafa ganzi. Mia moja thelathini na moja. Kumi na manne ni ya baba, yule wa "wawili watatu." Na majike, Shangazi, ni tisa tu katika wote hao. Wameyaacha majike yapite bila kuambiwa na mtu.

Jumatano ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Ofisa mkuu, Bi Fournier, alifungua faili lake. Nikasimama kabla hajaanza. Nikasema kosa ni langu peke yangu, nikalieleza lote.

Halafu mzee Angutaq akamgeukia Bibi Aksatuk, aliyeletwa kwa sledi, chombo chetu cha kuteleza thelujini, amefunikwa blanketi.

"Bibi, kumbe unawinda! Umepiga tisa na macho hayo?"

"Ningepiga kumi," bibi akajibu, "lakini wewe ulinisimamia mbele, na mgongo wako ni mpana."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi sikucheka. Bi Fournier naye hakucheka. Akaniuliza, "Kijana, nitajuaje kwamba mataya haya ni yote? Nitajuaje hakuna yaliyotupwa?"

Hapo baba akainuka, baba yangu asiyewahi kusema mkutanoni. Akasema, "Mama, twende uyaone. Ukikuta mtu hapa aliyemtupia mbwa taya, mchukue pamoja na bunduki yangu."

Akaiweka bunduki mezani, haina risasi. Mzee Angutaq akaweka yake. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, bila kelele, hadi meza ikajaa na nyingine zikaegemezwa ukutani. Nilihesabu ishirini na nane. Shangazi, watu hawa ndio niliowaandika kana kwamba ni walafi. Sijapata kuona fahari ya kuwa mtu wa Itivliq kama siku ile.

Bi Fournier aliyatazama mataya hadi saa kumi jioni, akisoma kila kikaratasi. Alipomaliza alisema hajawahi kuona kijiji kilichoweka kumbukumbu kwa namna hii, na kwamba uamuzi umesimamishwa hadi tarehe 11 Aprili. Ila makao makuu hawataamini mwaka mmoja. Wanataka kuona kama hesabu ya mataya inalingana na miaka ya nyuma.

Na miaka ya nyuma unayo wewe. Zile daftari zako kumi na moja za jalada jekundu, ulizoandika ulipokaa kwenye kiti hiki, ulipokuwa unauliza, "Nani kapiga, na wapi?" Mama anasema ulihama nazo kwenye sanduku la bluu. Nazihitaji zote. Tusipozipata, kundi litapita Septemba tukilitazama dirishani.

Sijafukuzwa. Bado nangoja barua yangu. Tulipofika nyumbani baba hakunipongeza, unamjua kaka yako. Alinitupia suruali yake ya manyoya, akasema, "Ijaribu. Jumatatu tunakwenda kijiji cha jirani." Karani wa huko aliiga fomu yangu. Lazima nimwambie ana kwa ana kabla habari haijamfikia kwa wengine; ndiyo siri niliyokuomba uitunze.

Nisalimie Loosi na mumewe, na mzee Qimmiq wa chumba namba sita hapo hospitali kama bado yupo. Bibi Aksatuk anakusalimu, anasema ukija atakuwindia. Mungu akulinde katika njia zako zote, akupe usingizi mwema na nyama ya kwetu mezani.

Daftari usizitume kwa posta. Mpe muuguzi Niviaq mkononi, anapanda ndege ya Alhamisi tarehe 27. Simu ya ofisi usiipige, inasikilizwa na wote wanaongoja chai. Kuanzia Jumatatu nitakuwa njiani, kwa hiyo mwombe Niviaq akitua aniite kwa simu ya upepo, inayosikika vijiji vyote, kesho yake saa mbili asubuhi, kabla wawindaji hawajaanza kutaniana. Asitaje kulungu wala daftari. Aseme tu, "Viatu vya Sipura vimefika." Kama umezikosa, aseme, "Viatu vimebana." Nitajibu "Sawa" kwa vyovyote vile, na baba atageuza sledi turudi nyumbani.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye daima,
Tagalik