Jiwe Bapa Nje ya Ukuta

Bagamoyo,
Jumatano, mwezi wa Shaaban

Dada yangu mpendwa Adila,

Shikamoo. Natumaini wewe, Shemeji Yusuf na mtoto hamjambo huko Lugoba. Sisi tu wazima wa mwili, alhamdulillahi, ila roho yangu bado haijatulia. Nimeona nikuandikie, maana simu ya nyumbani husikilizwa na kila aliyeketi barazani.

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu. Unajua ninavyoshindwa kusoma kwenye watu wengi. Basi tangu kidato cha kwanza nimekuwa nikijificha kwenye makaburi ya ukoo, nje ya ukuta unaoyazunguka, chini ya mkorosho. Pana jiwe bapa pale, la baridi hata mchana. Vitabu vyangu vyote nimevisoma nikiwa nimelikalia.

Jumapili, baada ya kusafisha makaburi kama kawaida yetu kabla ya Ramadhani, Baba Mkubwa Abdulwahab aliitisha kikao. Alisema minazi ya wakfu, ile aliyoiacha babu wa babu ili nazi zake zitunze makaburi, imezeeka, na mwaka huu haikutoa hata pesa ya chokaa ya kaburi moja. Akashauri kila nyumba ipande mche wake shambani na kuulea, ili wajukuu wetu nao wakute kitu. Watu walifurahi. Shangazi Mardhiya akamtania Baba Mdogo Najim kwamba kuku tu wamemshinda kulea, sembuse mnazi.

Baba Mdogo alicheka, kisha akataka liwekwe sharti: wakfu uwahudumie waliomo ndani ya ukuta tu, kwani nje ni mawe na vichaka. Wote walikubali. Hata mimi, moyoni, nilikubali. Bibi Mwanajuma akaombwa atuongoze Fatiha ya kufunga kikao.

Bibi hakuinua mikono. Alisema taratibu, "Basi mimi mtanizika nje. Lile jiwe bapa chini ya mkorosho ni mama yangu."

Dada, ndilo lile ninalolikalia kusoma.

Alieleza kwamba mama yake alizaliwa mtumwa katika nyumba hii hii. Utumwa ulipokomeshwa hakuwa na pa kwenda, akabaki, akaolewa na mtoto wa nyumba, akamzaa yeye. Alipofariki, wakubwa wa ukoo walisema ndani hapana nafasi. Nafasi ipo mpaka leo, Dada, na wewe umeiona. Baba Mdogo, mwana wa Bibi wa kumzaa, aliinama akawa anachora mchanga kwa kidole. Fatiha haikusomwa. Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuagana, nami nilishindwa kumtazama Bibi usoni.

Jana nilipotoka shule nilikoroga chokaa kwenye ndoo, nikalipaka lile jiwe pamoja na mengine niliyoyakuta vichakani. Kisha nikabeba mche wa nyumba yetu hadi shambani. Baba Mkubwa alikuwa huko peke yake, anachimba mashimo. Nilimwambia kwamba nazi za mche huu ni za walio nje. Aliushika mche usimame wima, nami nikafukia.

Bibi anakusalimu sana, anaomba uje kabla ya mfungo. Nisalimie Shemeji, na mtoto umpakate kwa niaba yangu. Mimi siku hizi nasomea barazani, pamoja na kelele zote za watu.

Mdogo wako akupendaye,
Ashatu