Hemu ya Memsabu

Severina, Bibi Lea ametusimulia jambo sasa hivi!

Mwaka 1956 alikuwa yaya kwa Wazungu hapa Iringa. Marehemu babu Yunusu alikuwa mpishi wao. Siku moja Bibi, kwa njaa, akakata kipande cha hemu, lile paja la nguruwe la kukaushwa.

Memsabu akaipima kwenye mizani. Imepungua! "Nani amekula nguruwe wangu?"

Babu akajibu, "Mimi."

BABU, Severina! Yule wa swala tano! "Mimi, memsabu."

Akafukuzwa palepale. Habari zikafika mtaani Mlandege, hata msikitini wakamkwepa. Hakumtaja Bibi.

Bibi anasema, "Nilishindwa kuvumilia. Nikaenda mpaka kwao, mbele ya mama yake, nikasema: Yunusu, nioe."