Sinia la Bibi

Buzuruga, 14 Juni 1994

Shangazi Modesta mpendwa,

Shikamoo. Ndoa ni tamu kuliko ulivyonisimulia! Nathaniel wangu anakwangua kutu ya Landrova lake kuukuu hapa uani, nami namshikia msasa nikimtazama tu.

Kutu ilikuwa imekula sakafu upande wa abiria. Tukakosa bati, nikaleta sinia ulilonitunza harusini. "La Shangazi hilo!" akakataa. Nikacheka, "Atanipa jingine." Akalikata, akaziba tundu.

Jana barua yako ikafika: unakuja mwezi ujao, una hamu ya kula tena kwenye sinia la marehemu bibi. Sikujua lilikuwa lake. Nimeona aibu mpaka nikaunguza ugali.

Maua ya sinia, pale sakafuni, sikuyapaka rangi. Tukikupokea kivukoni, kabla hujapanda Landrova, tafadhali vua viatu.

Mwanao mwenye aibu,
Gladness