Mkono Uliouacha Mkavu

Kibiti,
12 Julai 1998

Kwa mdogo wangu Bushiri,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote unaokaa nao hapo Temeke. Kifua chako je, kimepona? Msimu wa baridi kama huu mama alikuwa akikukanda kwa mafuta ya nazi yenye kitunguu saumu, nawe ukilia kwamba unanuka mchuzi. Kama yupo wa kukukanda huko, mwambie asiyachemshe sana. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Nyumba ya baba tumeiezeka upya upande wa jikoni. Kaburi la dada yetu, Da Johari, nimelipandia maua yale meupe aliyokuwa akiyapenda, na yameshika.

Barua yako nimeipata kwa yule utingo wa basi la Kilwa. Umeandika kwamba nimekuaibisha mbele ya wakubwa zako wa shirika. Umeandika kwamba ulihangaika kuwaeleza habari za sufuria letu mpaka wakakubali kuja, nasi tukawafukuza pamoja na magunia yao ya unga na maharage. Mwisho ukaandika kwamba kumbe tulikuwa tunawalisha watoto wetu wenyewe chakula cha yatima, na kwamba shirika haliwezi kumlisha mtoto ambaye baba yake yupo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonikalisha hapa na kalamu. Unanijua, mimi si mtu wa ugomvi. Tulipokuwa wadogo ukinipiga nilikuwa naenda kukaa nyuma ya banda la kuku mpaka yaishe. Lakini leo nina hasira, Bushiri, na sitakwenda nyuma ya banda.

Nianze na sufuria, maana lilipoanza hukuwepo. Mvua zile za mwaka jana zilipoleta mafuriko, watu wa bondeni walipanda huku na vitanda vichwani, wengine wametoka Mkongo, wengine chini zaidi. Mpunga wao wote ulikwenda na maji. Wakajenga mabanda ya makuti na maturubai nyuma ya stendi. Kisha likaja tumbo la kuhara, likachukua akina mama wengi, na watoto wakabaki wakizurura stendi wakiokota maganda ya machungwa. Da Johari hakuitisha mkutano. Alitoa uani sufuria lile kubwa la harusi, akaweka mafiga, akamwambia kila mwanamke wa mtaa alete kibaba cha alichonacho. Mwenye unga alete unga, mwenye kunde alete kunde. Siku za kawaida tulipika uji, na Ijumaa wali.

Sasa sikiliza sharti lake, kwa sababu ndilo ambalo wakubwa zako wameliita wizi. Kila mwanamke anayepika alitakiwa aje na watoto wake mwenyewe, wakae mkekani, wale sinia moja na wenzao wa mabandani. Tulinung'unika. Mwanabaraka, yule muuza vitumbua ambaye mdomo wake haujapata kufungwa tangu azaliwe, alimwambia kwamba mwanawe anakula kama greda, akikaa hapo wenzake watabaki kulamba vidole. Da Johari alicheka mpaka akashika ubavu, lakini sharti halikusogea. Alisema wakikaa yatima peke yao, kesho mji mzima utapita ukinyoosha kidole kwamba lile ni sinia la yatima. Wakikaa wote, mpita njia ataona watoto wanakula, basi. Na kesho yake mtoto ataweza kucheza rede na mwenzake bila kuulizwa mama yake yuko wapi.

Kwa hiyo tulileta wetu, na tulileta na kibaba cha kuwatosha. Hakuna mtoto wangu aliyekula tonge la mwingine. Mwanabaraka alikuwa akileta vibaba viwili kwa ajili ya greda lake.

Da Johari aliwaita watoto kwa kugonga mwiko kwenye mfuniko. Siku za Ijumaa alikwangua ukoko akampa mtoto mmoja, siku zote yeye huyo huyo, binti wa miaka kama saba anayeitwa Kudra. Anaishi mabandani na bibi yake, Bi Siti. Mama yake alikuwa anaitwa Tatu, wa Nyamwage, na alifariki kabla ya mvua. Niliwahi kumuuliza Da Johari kwa nini ukoko ni wa huyo tu. Akasema nimtazame anavyoula. Nilimtazama, nikaona mtoto anakula ukoko.

Mwezi wa tatu homa ikamshika dada yetu. Zahanati wakasema siku hizi kila mtu achangie, tukanunue maji ya mshipa dukani. Nilikimbia. Nilirudi na chupa, nikamkuta ameshafunikwa. Chupa ile bado ninayo, sijui kwa nini siitupi. Ulikuja maziko, ukanawa, ukala kidogo, na jua halijazama ukaondoka. Hukungoja hitima ya dada aliyekubeba mgongoni. Watu waliniuliza, nami nikakutetea. Nilisema kazi ya udereva haina ruhusa, gari la watu linasubiriwa. Niliyasema hayo kwa kila aliyekuja kutoa pole, na niliyaamini.

Baada ya arobaini nikauchukua ule mwiko. Siku ya kwanza nilipogonga mfuniko watoto walikuja mbio, halafu wakasimama wakitazama nyuma yangu, kana kwamba mwenye kugonga atatokea. Nilipika hivyo hivyo huku machozi yananitoka.

Ndipo ukatuletea habari ya shirika. Tulifurahi, usidhani hatukufurahi. Tulifagia uwanja, tukaazima mikeka. Nilidhani utaendesha gari wewe mwenyewe, nikakuwekea dagaa wa nazi, lakini akaja dereva mwingine akasema unaumwa kifua. Ndiyo maana nimekuuliza kifua hapo juu.

Aliyeongoza wageni ni kijana anaitwa bwana Nassibu. Ana adabu, alitusalimia vizuri. Alileta sahani za plastiki, kila sahani imeandikwa jina la shirika, na fulana za njano. Alipowaona watoto mkekani, wengine na viatu, wengine wamenenepa, akauliza hawa ni wa nani. Mwanabaraka akamjibu kwamba ni wa Mungu, ila lile nene ni lake. Tulicheka. Yeye hakucheka. Aliuliza kama tunajua kwamba huku ni kutumia vibaya jina la yatima. Nilimweleza sharti la Da Johari, taratibu, kama ninavyokueleza wewe. Akasema ameelewa, ila wafadhili wanataka walengwa wajulikane.

Akachukua kijiti, akachora mstari mchangani. Wasio na baba wala mama wakae huku, wenye mzazi mmoja wasimame katikati waulizwe ni yupi aliyebaki, wenye wazazi wote wakae kule ukutani.

Bushiri, ulikuwa unajua kwamba watafanya hivyo? Nilisimama na mwiko mkononi nikatazama watoto waliokuwa mkeka mmoja wakigawanywa kama mbuzi wa mnada. Ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali walishikana mikono, wakaachanishwa. Kuna kile kitoto cha Mwanabaraka cha mwisho, kile alichokichukua kwa marehemu jirani yake kikiwa kichanga akakinyonyesha pamoja na wake. Mtoto hajui jingine. Akakimbilia ukutani na ndugu zake, na mwanamke mmoja wa mabandani, kwa kutaka kusaidia, akamwambia la, wewe wako wamekufa, kaa huku. Mtoto akamgeukia Mwanabaraka akamuuliza, "Mama, mimi wa wapi?" Na Mwanabaraka, ambaye tangu nimjue hajakosa jibu, akauziba mdomo wake kwa kanga.

Siku hizi wanasema kila kitu ni ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kuuza dawa, ruksa mtu yeyote kufungua shirika na kununua gari jeupe. Kisichokuwa ruksa ni mtoto wa Kibiti kula kabla hajaeleza nani kafa kwao. Mliwavua nguo watoto hadharani, kisha mkawapa fulana za njano wajifunike.

Sasa nakuja kwenye neno ambalo nimelizunguka tangu mwanzo.

Mstari ulipochorwa, Kudra hakwenda upande wa wasio na wazazi, alikokuwa akisubiriwa. Alisimama katikati, kanyooka. Bwana Nassibu akamwambia amekosea. Akasema hajakosea, mama yake amekufa lakini baba anaye. Akaulizwa yuko wapi. Akasema yuko Dar es Salaam, dereva wa gari la shirika, jina lake Bushiri Amri wa Kibiti.

Yule dereva mwenzako alicheka akapiga bodi ya gari. Alisema, "Bushiri wetu? Yule anatuapia kwamba hana mtoto hata wa kuku!" Bwana Nassibu naye akatabasamu. Watoto wakaona wakubwa wanacheka, wakacheka pia, na mmoja akaanza kuimba baba wa kusingizia, baba wa kusingizia. Bwana Nassibu akamwambia Kudra aende kwa yatima apewe sahani, asione haya. Hakwenda. Basi akasema, kama unaye baba sahani huna, utaratibu ndio huo. Wenzake wakapakuliwa. Yeye alisimama palepale, mikono nyuma, anatazama juu ya vichwa vya watu.

Hapo ndipo nilipomtazama kama Da Johari alivyoniambia nimtazame. Anasimama kama wewe. Na ukoko anaanza na pale palipoungua zaidi, anautafuna upande mmoja wa mdomo, kama wewe ulivyokuwa ukifanya ukiwa umejificha nyuma ya pipa. Da Johari alijua. Alikuwa anampa mtoto wa ndugu yake haki yake, kimyakimya, ili asikufedheheshe.

Nilichukua sahani zao, nikarudisha chakula chote kwenye masinia yetu. Kisha nikalifudikiza sufuria juu ya mafiga, mdomo chini. Kila mtu wa kwetu anajua maana yake mgeni akifanyiwa hivyo. Wao hawakujua, ikabidi Mwanabaraka awatafsirie kwamba wameambiwa waondoke, na wakati huo mdomo wake ulikuwa umesharudi. Alimuuliza bwana Nassibu kama kwao anakula kwenye sahani iliyoandikwa kwamba mama yake alikufa. Magunia tuliyapakia garini wenyewe, kwa mabega yetu. Hivyo ndivyo tulivyowafukuza.

Jioni nilikwenda kwa Bi Siti. Alinieleza habari za Nyamwage, wakati ule ulipokuwa kwenye lori la magogo, na ulivyomwahidi Tatu kwamba utarudi. Siandiki kukuhukumu kwa hilo, wengi wamefanya. Nilimwambia huenda hukujua kwamba Tatu alizaa. Bado nilikuwa nakutetea, unaona. Ndipo Kudra, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, akasema anajua. Akanieleza kwamba siku ya maziko ya Da Johari yeye ndiye aliyetumwa na birika kuwanawisha wageni. Alipofika kwako ulimuuliza yeye ni mtoto wa nani. Akakujibu, wa Tatu wa Nyamwage. Ulikuwa umenawa mkono wa kulia. Ukamtazama, ukaurudisha mkono wa kushoto bila kunawa, ukainuka, ukaenda kukaa kule mbali. Basi la jioni likakuchukua.

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama anayetoa ushahidi, kwa sababu tangu siku ya mstari watoto wanamwita mwongo na alitaka mtu mmoja tu ajue kwamba si mwongo.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua ukapanda basi. Ulijua ukaandika, kwa mkono wako, kwamba shirika haliwezi kumlisha mtoto ambaye baba yake yupo. Niliposoma hapo niliiweka barua chini nikatoka nje, nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Sitaki unga, na fedha usinitumie. Tunaendelea kupika, ingawa Ijumaa peke yake, na kila mama anakuja na wake. Kile kitoto cha Mwanabaraka kimeanza kurudi kwenye mchezo. Kudra haji. Anasema hatakaa mkekani mpaka waliocheka wajue. Bibi yake ni mzee na chakula chao hakitoshi. Ukoko wake nampelekea umefunikwa kwa kawa, anaupokea kwa mikono miwili, anashukuru, na anaingia nao ndani.

Njoo Ijumaa moja, baada ya sala, wakati watoto wote wako mkekani na watu wanapita kutoka msikitini. Usipite nyuma. Njoo na miguu yako kutoka stendi, mchana, kila mtu akuone. Usinikabidhi kitu mimi wala usiniombe radhi mimi. Ukae mkekani pale mbele ya sinia lake, hata kama ni kwa mlo mmoja.

Mwanabaraka anakusalimu, na amesema akikukosa atakuja Temeke na greda lake. Bi Siti hajatuma salamu. Wanangu wanakuamkia mjomba wao. Nakuombea afya na njia njema, maana hata katika hasira siwezi kukuombea jingine.

Maji atakuletea Kudra. Amesema birika analo, na mkono wa kushoto anaukumbuka.

Ni mimi dada yako,
Sihaba Amri