Sekunde Tatu Nilizozikata

Jumatano, Dunda

Sekunde tatu tu za ukimya, na mimi nikazikata nikijiona fundi.

Wanafunzi wangu wa darasa la sita wamehangaika wiki mbili na katuni yao ya pweza wa udongo. Wanamsogeza kidogo, wanapiga picha kwa simu yangu, wanamsogeza tena, na kila siku mnyiri mmoja, mkono wake, unakatika. Sauti ya pweza ni ya Bi Mwanahawa, bibi yake mwanafunzi wangu Zuhura, ndiye msimulizi. Jana nikiihariri niliona kwamba akishasema "Paukwa!" ananyamaza. Nikadhani kasahau maneno. Nikakata.

Leo tumeitazama darasani, bibi mwenyewe kaketi mbele. Spika ikasema "Paukwa!" Watoto wakafungua midomo waitikie "Pakawa!", lakini hadithi ilikwisha kuondoka bila wao. Wakabaki wanatazamana.

"Umeionaje, bibi?"

"Nzuri, mwanangu. Ila huyo anajisemea peke yake."

Zuhura hakuniangalia. "Mwalimu, bibi alikuwa anatungoja sisi."

Imenikera, na wa kulaumiwa ni mimi. Kila siku nawagombeza watoto hawa kwamba hawajibu darasani, kumbe...

Ijumaa wazazi wanakuja kuitazama. Naogopa bibi hatarudi.

Nimezirudisha zile sekunde, nikaichezesha kuijaribu, peke yangu hapa mezani. "Paukwa!" Nikajikuta nimeitikia kwa sauti, na pweza akaningoja mpaka nikamaliza.